Kabla Ukuta Haujaanguka

Akina mama wanne wajifunza kupiga picha za majengo yaliyoachwa

Karibu kila mji wa nchi yetu una jengo ambalo watu hulipita bila kuligeukia. Pengine lilikuwa shule, pengine stesheni ya reli, ghala la pamba, au nyumba ya mfanyabiashara wa zamani. Mabati yameng'olewa, madirisha hayapo, na mtini umeota juu ya ukuta. Watoto huambiwa wasikaribie kwa sababu kuna nyoka, na wakubwa wengine husema kuna mashetani. Jina lake la zamani limesahauliwa. Sasa linaitwa gofu, basi.

Mama msomaji, makala haya yanahusu majengo ya namna hiyo, pamoja na kazi ambayo sisi akina mama wanne tumeianza: kuyapiga picha. Sisi si wapiga picha. Wawili wetu ni wauguzi, mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, na wa nne ni fundi cherehani. Tunajitolea pamoja usharikani katika huduma ya kuwatembelea wagonjwa na wazee. Vyombo vyetu ni simu mbili za mkononi na kamera ndogo tuliyoazimwa na kijana mmoja wa kwaya. Picha tulizozoea ni zile za harusi na kipaimara, watu wakiwa wamejipanga mstari na kutazama mbele.

Kilichotusukuma ni jengo letu wenyewe. Katika kiwanja cha usharika wetu huku Bara kulikuwa na zahanati ya zamani, iliyofungwa tangu ile mpya ilipojengwa. Baraza la wazee lilikuwa limeamua ibomolewe. Tulipotafuta picha yake hatukupata hata moja, ingawa nusu ya washarika walizaliwa humo. Ndipo tukakubaliana tuipige sisi, kabla ya mafundi kuja na nyundo. Lakini tulitaka kwanza kujifunza, na nafasi ikapatikana tulipokwenda Zanzibar kwa semina ya akina mama. Semina ilipokwisha tulibaki siku mbili zaidi.

Jengo hufaje?

Zanzibar ni shule nzuri kwa mtu anayetaka kuelewa majengo ya kale. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na nyumba zake nyingi bado zinakaliwa. Nyingine zimeachwa. Kwa hiyo katika mtaa mmoja unaweza kuona nyumba yenye afya, nyumba mgonjwa na nyumba iliyokwisha kufa.

Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Kuta ni nene, nusu meta au zaidi. Dari na sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazipatikani ndefu sana, vyumba vingi ni vyembamba na virefu. Ukishajua jambo hilo dogo, unaanza kuelewa kwa nini nyumba ya pwani ina umbo lile.

Ugonjwa wa nyumba hizo huanzia juu. Paa likivuja na lisizibwe, maji ya mvua huingia ndani ya ukuta na kuilegeza chokaa. Ncha za boriti zilizo ndani ya ukuta huoza, na sakafu huanza kulala. Ndege hudondosha mbegu ya mtini katika ufa, mti huota, na mizizi yake huupanua ufa mwaka hadi mwaka. Wengine hufikiri wanasaidia kwa kupaka saruji juu ya ukuta wa chokaa. Saruji huzuia unyevu usitoke, na ukuta huendelea kuoza kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa wakisema juu ya maisha, lakini hata waashi wanaujua ukweli wake.

Mfano mkubwa ni Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 mbele ya bahari. Jengo hilo lilinusurika katika mashambulizi ya manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, likatumika kwa shughuli za serikali, na baadaye likawa jumba la makumbusho. Mwaka 2012 lilifungwa kwa sababu ya uchakavu. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha.

Tulisimama pale tukatafakari mambo mawili. La kwanza ni kwamba jengo bovu linaweza kuua, hata likiwa mikononi mwa mafundi. La pili ni kwamba Nyumba ya Maajabu ilikuwa imepigwa picha na maelfu ya watu kwa zaidi ya miaka mia moja. Anayetaka kujua roshani zake zilivyokaa anaweza kujua. Zahanati yetu haikuwa na picha hata moja, na haikuwa imebakiza siku nyingi.

Mbweni: shule ya wasichana

Asubuhi ya pili tulipanda daladala kwenda Mbweni, kilometa chache kusini mwa mji. Tulichagua Mbweni kwa sababu gofu lake linatuhusu sisi wanawake wa Kikristo kwa karibu.

Mwaka 1871 Wamisionari wa UMCA, yaani misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati, walinunua shamba huko. Miaka miwili baadaye, mwezi Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa walihitaji mahali pa kuanza maisha upya, na baadhi yao walipelekwa Mbweni. Palijengwa nyumba, pakalimwa, na pakawekwa shule ya wasichana iliyoitwa Mtakatifu Maria. Kanisa la Mtakatifu Yohana la hapo hapo Mbweni lilijengwa kwa ajili ya jumuiya hiyo. Liliwekwa wakfu mwaka 1882, nalo linatumika hata leo.

Mwaka 1877 alifika mwalimu Mwingereza, Caroline Thackeray, akawa mkuu wa shule hadi mwaka 1902. Hakurudi kwao kustaafu. Aliendelea kuishi Mbweni hadi alipofariki mwaka 1926, na kaburi lake lipo penye kanisa lile. Chini yake wasichana walijifunza kusoma, kuandika, hesabu na Maandiko. Waliofaa kwa ualimu waliandaliwa kuwa walimu, na wengine walifundishwa kazi za mikono kama kushona na kufua. Baadhi yao walivuka bahari kwenda vituo vya misheni Bara, wakiwa walimu au wake za walimu. Miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika chaki katika makanisa ya awali ya Bara walikuwamo mabinti wa namna hiyo, waliowahi kuuzwa.

Leo shule ile ni kuta zisizo na paa. Matao ya milango na madirisha bado yanasimama, na nyasi zimeota pale palipokuwa na sakafu. Kanisa dogo la shule nalo linatambulika kwa umbo lake. Kwa miaka mingi magofu hayo yamekuwa ndani ya eneo la hoteli, kwa hiyo anayekwenda aombe ruhusa kwanza, kama tulivyofanya sisi.

Tulipofika penye tao la kuingilia, fundi cherehani wetu alibisha hodi kwa desturi yake. Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza. Hapakuwa na wa kutuitikia karibu.

Swali la bibi

Tulianza kupiga picha kwa bidii: tao hili, ufa ule, mzizi ulioshuka ukutani kama mkono. Magofu hupendeza katika picha. Hilo lilitushangaza, maana ukuta uliooza unaotia huruma kwa macho unakuwa mzuri kabisa katika kioo cha simu. Kufika saa nne tulikuwa na picha zaidi ya mia moja, na karibu zote zilikuwa za mawe.

Baadaye tukaenda kanisani kwa Mtakatifu Yohana. Njiani tulimkuta bibi mmoja ameketi barazani akichambua mchicha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mwatoka wapi na simu zenu mikononi?"

Tukamweleza. Akaomba kuona. Tulimwonyesha picha moja baada ya nyingine, naye akatazama kwa utulivu hadi mwisho.

"Nzuri," akasema. "Lakini mbona hamna watu? Walikaa watoto mle. Nani aliyekaa? Mtu akiziona hizi atadhani mawe yalijijenga yenyewe."

Maneno hayo yalibadilisha kazi yetu. Ni kweli kwamba jina la mkuu wa shule limo katika vitabu. Lakini mabinti waliofua shuka pale, waliojifunza alfabeti pale, na walioamka usiku wakililia mama zao waliouzwa mbali, hao hawaonekani katika picha ya tao. Tuliporudi shuleni tulianza kuuliza maswali mengine. Dirisha hili lilitazama wapi? Bahari ileile iliyowaleta ilionekana kutoka hapa? Kizingiti hiki kimelika katikati kwa miguu ya nani? Tukapiga picha ya kizingiti. Mwalimu wetu alisimama mlangoni mwa chumba, nasi tukampiga picha kutoka ndani, ili atakayeiona ajue kimo cha mlango na akumbuke kwamba hapa waliingia watu.

Mchana tulikwenda upande wa pili wa mji, kaskazini, kwenye magofu mawili ya kifalme. Maruhubi ni kasri ambalo Sultani Barghash alilimaliza mwaka 1882 kwa ajili ya masuria wake. Liliungua mwaka 1899, na zilizobaki ni nguzo kubwa zilizokuwa zikibeba roshani, pamoja na hamamu zake. Mtoni ni kasri la zamani zaidi, la Sultani Seyyid Said. Hapo alizaliwa Binti Salme mwaka 1844, ambaye baadaye alibatizwa, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, na ndani yake ameeleza ua wa Mtoni, hamamu zake, na paa, tausi na mbuni waliotembea humo. Kwa sababu mwanamke mmoja aliandika, mtu akisimama leo katika gofu la Mtoni anaweza kuujaza ua ule kwa sauti. Tulipoona hivyo tulimwelewa zaidi yule bibi wa Mbweni.

Mambo machache juu ya picha yenyewe

Akina mama wengi watasema kwamba wao hawajui kamera. Haya ndiyo tuliyojifunza kwa kujaribu na kwa kuuliza, na yanatosha kuanzia.

Mwanga. Saa sita mchana jua huwa utosini, na ukuta huonekana bapa, bila uhai. Pigeni asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi. Wakati huo mwanga huja kwa ubavu, na kila jiwe na kila ufa hutoa kivuli chake. Tazameni pia jengo limeelekea wapi. Upande wa mashariki ni wa asubuhi, upande wa magharibi ni wa jioni.

Chumba chenye giza. Ukisimama ndani na kuelekeza simu dirishani, dirisha huwa jeupe kabisa au chumba huwa cheusi kabisa. Gusa kwenye kioo cha simu mahali unapotaka paonekane vizuri, na simu itajirekebisha. Au geuka, uuache mgongo wako upande wa dirisha, upige ukuta unaoangazwa na dirisha hilo.

Kuta zilizonyooka. Ukiinua simu kuelekeza juu, jengo huonekana kama linaanguka kwa nyuma. Afadhali urudi nyuma hatua nyingi, uishike simu wima kabisa mbele ya uso.

Mkono usiotikisika. Penye mwanga hafifu, egemeza simu juu ya jiwe au ukutani. Tumia saa ya simu inayopiga picha baada ya sekunde chache, ili kidole chako kisiitikise.

Kioo safi. Vidole vyetu vina mafuta ya kupikia na vumbi la chaki. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini kila mara. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la pwani, subiri kidogo, maana kioo huingia ukungu.

Kutoka mbali hadi karibu. Muuguzi akimpokea mgonjwa humtazama kwanza anavyotembea na anavyopumua, kisha ndipo humkaribia na kumgusa penye maumivu. Sisi tulifuata utaratibu huohuo. Kwanza jengo zima na mazingira yake, pande zote nne. Kisha kila chumba kutoka mlangoni. Mwisho vitu vidogo, kama bawaba ya mlango, maandishi ukutani, au msumari uliotundikiwa taa.

Kuandika. Chuoni tulifundishwa kwamba kazi isiyoandikwa katika faili la mgonjwa huhesabiwa haikufanyika. Picha isiyo na maelezo nayo, baada ya miaka 20, hugeuka kitendawili. Chukueni daftari. Andikeni namba ya picha, tarehe, mahali, chumba gani, na mmeelekea upande gani. Picha zilizo bora zichapishwe kwenye karatasi, na nyuma yake paandikwe kwa penseli laini, kwa kuwa wino huweza kupenya na kuchafua. Simu huibiwa na huanguka majini. Nakala moja isitoshe.

Usalama kwanza

Hapa tunasema kama wauguzi, wala hatutanii.

Msiende peke yenu. Mwambieni mtu aliyebaki nyumbani mnakokwenda na saa ya kurudi. Msipande ghorofani katika jengo lililoachwa, hata kama ngazi inaonekana nzima, na msitembee juu ya sakafu ya mbao au boriti. Msisimame chini ya tao lenye ufa wala kuegemea ukuta ulioinama. Baada ya mvua kubwa msiingie kabisa. Mzunguko wa nje unatosha kwa picha nyingi nzuri. Kumbukeni kwamba katika viwanja vya zamani kuna visima na mashimo ya vyoo yaliyofunikwa na majani.

Vaeni viatu vilivyofunika mguu mzima na vyenye soli ngumu. Watu wengi hudhani kwamba kutu ya msumari ndiyo iletayo pepopunda. Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni na katika kinyesi cha wanyama, na hupenda jeraha lenye kina. Mtu akichomwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo aeleze chanjo alizopata. Mama uliyechanjwa ukiwa mjamzito, tafuta kadi yako uone ulifikia dozi ya ngapi.

Popo na njiwa hupenda majengo matupu. Vumbi la kinyesi chao linaweza kuwa na ukungu unaodhuru mapafu, hasa likitimuliwa katika chumba kilichofungwa. Vaeni barakoa, msifagie, na wenye pumu wabaki nje. Popo asishikwe kwa mkono, hata akiwa amekufa. Mtu akiumwa na nyoka, asikatwe wala kufungwa kamba. Mguu au mkono ulioumwa utulizwe usitikisike, naye apelekwe hospitali haraka.

Jambo la mwisho ni heshima. Kila jengo lina mwenyewe, hata likiwa halina paa. Ombeni ruhusa kwa mwenye kiwanja, kwa mjumbe wa mtaa, au kwa ofisi ya mambo ya kale kama ni mahali pa kihistoria. Pengine ndani hulala mtu asiye na makazi. Hicho ndicho chumba chake, na hapigwi picha bila ridhaa yake. Penye kaburi au msikiti wa kale, vaeni na muenende ipasavyo. Msiondoke na chochote, hata kipande cha kigae.

Zahanati yetu

Tuliporudi Bara tulikuwa na wiki tatu kabla ya ubomoaji. Kabla hatujaanza, ndugu mmoja katika kikao alituuliza kwa nini tunahangaika na picha za jengo bovu wakati zahanati mpya ina upungufu wa dawa. Ni swali la haki. Tulimjibu kwamba picha hizi hazitatumia fedha ya usharika hata senti moja, na kwamba huduma ya wagonjwa inaendelea zamu kwa zamu kama kawaida. Tena tulimwambia kuwa watu wanaojua huduma hiyo ilianzishwa kwa jasho la nani huichangia kwa moyo zaidi. Hakuridhika sana, lakini alituachia.

Safari hii hatukuanza na kuta. Tulianza na mkunga mstaafu aliyefanya kazi humo tangu ujana wake, ambaye sasa ana zaidi ya miaka 80. Tulimleta kwa bajaji, tukamwekea kiti chini ya mwembe, nje ya hatari. Tulipiga picha kila chumba kupitia madirishani, tukamletea kuziona, naye akatuambia. Hapa palikuwa pa kujifungulia. Hiki ni chuma tulichotundikia mizani ya watoto. Weusi huu ukutani ni moshi wa jiko la kuchemshia vyombo, maana umeme ulikuwa haujafika. Kona hii ndipo walipokaa mama waliosubiri siku zao, wale waliotoka vijiji vya mbali.

Kisha akanyamaza, akaonyesha dirisha moja. Akasema kwamba usiku wa masika, barabara ikiwa imekatika, walimpoteza mama mmoja katika chumba kile baada ya kujifungua, na kwamba mtoto alipona. Akataja jina la yule mama. Tuliliandika. Yule mtoto ni mzee wa kanisa sasa, na siku iliyofuata alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya dirisha lile, akaomba apigwe picha. Hakuwa amewahi kujua ni chumba kipi.

Jengo lilibomolewa. Hatukulipinga jambo hilo, kwa maana ukuta wa nyuma ulikuwa umeinamia njia wanayopita watoto wa shule ya Jumapili, na muuguzi hawezi kutetea ukuta dhidi ya mtoto. Lakini sasa katika chumba cha kusubiria cha zahanati mpya zipo picha 12 zilizochapishwa, na chini ya kila moja pameandikwa tarehe, chumba, na majina ya wahudumu aliyotutajia mkunga wetu. Mama wanaoleta watoto kliniki huzisoma wakisubiri zamu. Wengine wametuletea majina yaliyokosekana.

Si kila gofu hubomolewa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, lakini kwa kazi ya kuyahifadhi yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Majirani zetu wa Kenya nao, mji wao wa kale wa Gedi uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Hayo ni makubwa yenye wataalamu wake. Shule ya msingi ya kijijini kwako, bohari ya ushirika, nyumba ya mchungaji wa kwanza, hayo yana wewe.

Mama msomaji, tunakushauri mambo matatu. Mwezi huu chagua jengo moja tu la kwenu ambalo watu wameacha kulitazama. Mtafute mzee mmoja aliyelijua lilipokuwa na watu, kwa sababu yeye anaweza kuondoka kabla ya jengo. Kisha nenda na mwenzako asubuhi yenye jua, na ruhusa mkononi na viatu imara mguuni, mkapige picha pande zote nne. Mkirudi, kaeni na mzee yule na daftari, mwandike majina. Kama kuna kikundi cha akina mama ambacho tayari kimeanza kazi hii, kituandikie, tujifunze kwao.